Nani alishika futi kamba?

(Hotuba niliyoitoa Mtwara mjini mbele ya vijana wa kompyuta, walimu na wachongaji. Waliobanwa na minada ya korosho wameomba niiandike yote. Picha za ukutani nimeziacha, na utani nimeupunguza kidogo.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wangu wachongaji mliokaa huku mbele, shikamooni. Vijana, mambo vipi? Nawasikia. Na watani zangu mliokimbilia viti vya mlangoni nawaona pia. Chai bado, tulieni.

Nimeombwa nizungumzie michoro ya kompyuta: namna mashine inavyoiga dunia na namna inavyoinasa. Kuiga ni kutengeneza wimbi, moto, mti au uso wa mtu kwa hesabu tupu. Kunasa ni kukichukua kitu kilichopo, jengo au kinyago au mfupa, ukakiingiza kwenye mashine kwa vipimo vyake, hata mtu aliye Newala akakizungusha kwenye simu na kukitazama mgongoni. Gemu mnazocheza, katuni za watoto, filamu, hata michoro ya miamba ambayo wahandisi wa gesi huichambua kabla ya kutoboa kisima, zote zinasimama juu ya kazi hizo mbili.

Sasa, sikuja kuisifia mashine. Nimekuja na swali, na nitalirudia mpaka mlichoke. Ukiona picha ya kompyuta inadai kwamba hivi ndivyo dunia ilivyo, uliza: nani alipima? Nani alishika futi kamba, na alikuwa amesimama wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Utah huko Marekani kilikuwa na vijana waliojaribu kuifanya kompyuta ichore vitu vyenye unene. Skana hakuna. Kamera ya kidijitali hakuna. Walifanyaje? Walipima kwa mikono. Mwalimu wao, Ivan Sutherland, alitoa gari la nyumbani kwake, Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo. Wanafunzi wakalichora mistari bodi nzima, wakashika fimbo za kupimia, wakaandika namba za kila kona. Mwenzao Ed Catmull, mwaka 1972, alitengeneza mfano wa plasta wa mkono wake wa kushoto, akauchora kwa wino pembetatu na vipande vidogo vidogo vipatavyo 350, kisha akavipima. Namba zikaingia kwenye mashine, na mkono ukakunja vidole kwenye kioo. Huyo Catmull baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Pixar, studio ya filamu za katuni za kompyuta.

Mpaka leo umbo ndani ya kompyuta kwa kawaida ni hilo hilo: vitone, na mistari inayoviunganisha, yaani wavu uliotandazwa juu ya kitu. Macho ya wavu yakiwa makubwa, dagaa wote wanapita. Yakiwa madogo, unanasa mpaka kovu.

Mwaka 1975, chuoni hapo hapo, Martin Newell alikuwa anatafuta kitu cha kawaida cha kufanyia majaribio. Ulikuwa wakati wa chai, na mkewe, Sandra, akamshauri apime vyombo vya chai. Newell akalichora birika lao kwenye karatasi ya miraba, akaingiza namba kompyutani, halafu akawagawia wenzake. Birika lile likaenea dunia nzima. Fungua vitabu vya zamani vya fani hii utalikuta: linang'aa, linatupa kivuli, limepakwa rangi ya marumaru. Lenyewe hasa limehifadhiwa kwenye makumbusho ya kompyuta huko Mountain View, California.

Ila ukilisogelea lenyewe utaona ni refu kuliko la kwenye kompyuta. La kompyuta lilifupishwa, watu wakalizoea fupi, likabaki hivyo. Halafu kuna hili la pili, na hili ndilo nilipendalo. Birika la Newell halikuwa na kitako. Kitako hakuna! Hakukipima. Nani anatazama kitako cha birika lililokaa mezani? Kwa miaka kadhaa wataalamu walichora birika ambalo ukilimiminia chai inakumwagikia miguuni, na picha zikatoka nzuri tu. Kitako kiliongezwa baadaye na watu wengine.

Kisichopimwa, kwa mashine, hakipo. Shikeni hilo.

Tutoke mezani twende baharini. Bahari huwezi kuipima kona kwa kona, maana inaondoka kabla hujamaliza. Bahari inaigwa. Jina lililoshikamana na kazi hii ni la Jerry Tessendorf, Mmarekani, ambaye njia yake ya kuchora maji imeingia kwenye filamu na gemu nyingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Anachukua mawimbi sahili, maelfu, marefu kwa mafupi, kila moja na mwelekeo wake na kasi yake, anayajumlisha. Hesabu ya kuyajumlisha ilikuwapo: msingi wake ni wa Mfaransa Joseph Fourier, wa karne ya 19, na njia yake ya mkato ilichapishwa na Cooley na Tukey mwaka 1965. Lakini kila wimbi lipewe nguvu kiasi gani? Hapo wanaingia wanasayansi wa bahari. Wao walishapima upepo wa kasi fulani unaamsha mawimbi ya urefu gani. Vipimo vyao ndivyo vinavyoiendesha bahari ya kompyuta.

Nina mjomba Mikindani, mvuvi. Nilimwonyesha bahari ya namna hiyo kwenye kompyuta, nikitegemea atapiga kelele za kustaajabu. Akaniuliza upepo ni wa kusi au wa kaskazi. Nikamwambia ni upepo tu. Akakaza macho kwa muda, kisha akasema, "Mjomba, bahari hii haina chini."

Haina chini! Mzee hajasoma hesabu ya Fourier, na kasema kweli tupu. Njia ile, kwa umbo lake la kawaida, inachukulia maji ya kina kirefu ambako wimbi haligusi sakafu. Hapa kwetu wimbi linagusa. Likikaribia mwamba kule Msimbati linapunguza mwendo, linajikusanya, linanyanyuka, linavunjika. Mvuvi anausoma mwamba uliozama kwa kuangalia wimbi linavyojikunja juu yake. Hesabu za maji mafupi zipo, tusiwasingizie wataalamu, lakini zinadai ramani ya sakafu ya bahari yenyewe. Ya pale pale. Sasa niambieni, katika hao wanaotengeneza gemu, nani aliipima sakafu ya Mikindani? Nani alishika futi kamba?

Birika lisilo na kitako, bahari isiyo na chini. Twende Tendaguru. Hapa nitakaa.

Kilima cha Tendaguru kiko mkoani Lindi, kiasi cha kilomita 60 kutoka Lindi mjini. Mwaka 1906, Vita vya Majimaji vikiwa bado havijazimika, mhandisi Mjerumani Wilhelm Sattler aliiona mifupa mikubwa iliyotokeza ardhini, mifupa ya dinosaria, mijusi wa kale. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakafukua. Nasema makumbusho yakafukua, lakini makumbusho hayana mikono. Waliofukua ni watu wa huku, mamia. Msimamizi wao, mwenye jicho la kutenga mfupa na jiwe, aliitwa Boheti bin Amrani. Jina lake limo kwenye kumbukumbu za msafara ule, na mimi ningependa liwe pia kwenye vitabu vya watoto wetu. Mifupa ikafungwa, ikabebwa mabegani na vichwani hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200. Tani mia mbili, jamani, kwa miguu! Mjusi mkubwa kuliko wote waliotoka pale alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na mpaka leo yupo ukumbini, kimo chake mita 13.27.

Swali la watoto: alikuwa na kilo ngapi? Ni swali zuri kuliko linavyoonekana.

Mwaka 1962 Mmarekani Edwin Colbert alichukua sanamu ndogo ya mjusi huyu, akaizamisha kwenye mchanga apate ujazo wake, akapiga hesabu ya kuikuza. Tani 78. Mwaka 1995 likaja kundi la Wajerumani likiongozwa na Hanns-Christian Gunga, na mitambo ya leza na kamera za jozi, likaipima mifupa kama ilivyosimama. Tani 74. Mwaka 2008 Gunga na wenzake wakarudia kazi ile ile juu ya mjusi yule yule. Tani 38. Mwaka 2012 Waingereza wakiongozwa na William Sellers wakaja na njia yao. Tani 23.

Sabini na nane, sabini na nne, thelathini na nane, ishirini na tatu. Mjusi anakonda? Mifupa ya Berlin haikubadilika. Leza haikudanganya. Kilichobadilika ni nini?

Nyama. Mfupa ulinaswa, nyama iliigwa. Leza inakupa mfupa hadi milimita, lakini mjusi si mfupa: ana tumbo, ana misuli ya mapaja, ana mapafu yenye mifuko ya hewa, na vyote hivyo viliisha miaka milioni 150 iliyopita. Kundi la mwaka 1995 lilimvika mjusi mwili mnene. Mwaka 2008 walewale wakamvika mwembamba. Sellers akakataa kuchora mwili kwa jicho. Aliiamuru kompyuta ikaze ngozi juu ya mifupa kama ilivyo, kisha akaongeza kiasi alichokipata kwa kuwapima kwa njia hiyo hiyo mamalia wa leo ambao uzito wao unajulikana. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya heshima kuliko zote nne, na si kwa sababu najua mjusi alikuwa na tani 23. Ni kwa sababu unaweza kuonyesha kwa kidole: hapa pamepimwa, hapa pameongezwa, na kilichoongezwa kimetoka pale.

Kuna mdogo wake pia, naye ni wa Tendaguru: Kentrosaurus, mnyama wa miiba mgongoni hadi mkiani. Mjerumani Heinrich Mallison aliiingiza mifupa yake kwenye kompyuta, akaiunganisha pingili kwa pingili, akaupa mkia misuli ya hesabu, akauacha uchape. Ukaonekana ungeweza kuchapa kwa upana wa karibu nusu duara, na kwa nguvu ya kuvunja mfupa wa adui. Mnyama amekufa miaka milioni 150, na anapigana tena, kwa sababu mtu wa Lindi aliufukua ule mkia. Kuiga kote huko kunategemea kunasa kule.

Na mnajua kwamba mjusi mwenye shingo ya twiga anayetokea vitabuni na kwenye filamu chini ya jina la Brachiosaurus ana damu ya hapa? Mifupa ya kwanza yenye jina hilo ilipatikana Colorado, Marekani, mwaka 1900, lakini ilikuwa pungufu. Mjusi wa Tendaguru alipopewa jina lilo hilo, wachoraji walijazia pengo kwake kwa miaka mingi. Ni mwaka 2009 tu ambapo Michael Taylor alionyesha kwa kirefu kwamba ni wanyama wawili tofauti, na wa kwetu sasa wengi wanamwita Giraffatitan. Kwa hiyo dunia imekuwa ikimtazama mjusi wa Lindi bila kuambiwa.

Najua kuna mkono umenyooshwa pale kuhusu kumrudisha. Bunge limelizungumza, mimi si mbunge. Maoni yangu ni mafupi: nakala ya kompyuta si mjusi, na asije mtu akatupa nakala ili tunyamaze juu ya mifupa. Lakini pia mtoto wa Mipingo au Nachingwea asingoje mjadala uishe ndipo aone. Apewe mfupa auzungushe kwenye simu leo.

Nipite haraka kwenye mwanga, maana bila mwanga hakuna picha. Mwaka 1986 James Kajiya aliandika mlinganyo mmoja unaosema hivi: mwanga unaotoka mahali ni ule panapojiwakia penyewe, jumlisha ule unaofika hapo kutoka kila upande ukarudishwa. Mama mwenye kanga nyekundu, hebu sogea kwenye ukuta mweupe. Mnaona? Ukuta umeingia wekundu. Mashine ya leo inaiga hicho kwa kufuata mamilioni ya miale inayodunda huku na huku na kutafuta wastani wake. Wakati huo huo, Chuo Kikuu cha Cornell walitengeneza kisanduku cha kweli chenye kuta za rangi, wakakichora pia kwa kompyuta, wakawauliza watu kipi ni kipi. Majibu hayakuzidi kubahatisha. Ni ushindi mkubwa. Lakini walikuwa wanapima kisanduku. Binadamu je?

Ngozi ya kompyuta zamani ilionekana ya plastiki, kwa sababu mwanga ulidunda juu yake tu. Mwaka 2001 Henrik Wann Jensen na wenzake walionyesha njia ya kuiga mwanga unaoingia ndani ya kitu na kutokea pembeni: kwenye maziwa, kwenye marumaru, kwenye ngozi. Nyuso zikapata uhai. Ila nyuso za nani? Theodore Kim, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale ambaye alipata kufanya kazi Pixar, aliandika mwaka 2020 kwamba fani yake imeichukua sifa inayoonekana zaidi kwenye ngozi nyeupe, ule mng'ao wa ndani, ikaiita ngozi ya binadamu. Kwenye ngozi yangu na yako, linaloonekana kwanza ni namna mwanga unavyoteleza juu. Hilo halikupewa uzito ule.

Na nywele ni hivyo hivyo. Binti wa dada yangu alikuwa anachagua mhusika kwenye gemu ya simu. Akachagua macho, akachagua nguo, akafika kwenye nywele, akapekua, akapekua. "Mjomba, nywele zangu hazimo." Nikaangalia. Zilikuwepo ndefu za kunyooka, za mawimbi, za mkia wa farasi, na kofia moja nyeusi ya duara ambayo nadhani ndiyo ilikuwa sisi.

Je, ni ugumu wa hesabu? Kwa sehemu, ndiyo. Nywele zetu ni ngumu kuiga. Lakini tangu lini ugumu umewazuia watu hawa? Wameiga moshi, wameiga theluji. Hawakuwa wamepima. Mwaka 2024 huyo huyo Kim, na msanii wa gemu A.M. Darke, na wenzao, walichapisha kazi juu ya nywele za kipilipili, na ndani yake mna mambo ambayo kila msusi wa Mtwara angewaambia bure. Karibu na kichwa kila unywele una njia yake. Ukienda mbele kidogo nywele zinashikana na kujisokota pamoja. Msokoto wenyewe hugeuka njiani, ukaanza upande wa kulia na kuendelea wa kushoto. Na baadhi ya nywele huruka mzunguko, zinachomoza nje ya msokoto, ndizo zinazofanya ule uvurugu laini tunaoujua. Mambo matatu. Yalikuwa juu ya vichwa vyetu muda wote. Nani alipima? Mtu aliyekerwa na kukosekana kwake.

Wachongaji wangu, msilale, sasa ni zamu yenu.

Kunasa kwa leza ni hivi: mtambo unatupa mwanga, mwanga unagonga ukuta unarudi, na mtambo unapima muda. Mwanga huenda sentimita 30 kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo saa ya ndani lazima iwe kali ajabu. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioanzishwa na Profesa Heinz Rüther, ulinasa kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Magofu yale yaliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, bahari ikiwa inakula ufukwe, yakatolewa humo mwaka 2014. Kwa hiyo ipo kumbukumbu ya kuta zilivyokuwa siku ile. Ukuta ukihama, utajulikana umehama kiasi gani.

Msidharau kupima kitu ambacho kila mtu anadhani kinajulikana. Marc Levoy wa Chuo Kikuu cha Stanford alikwenda Italia mwaka 1999 na kundi lake kuinasa sanamu ya Daudi ya Michelangelo, sanamu iliyoandikwa kuliko nyingi duniani. Vitabu vingi vilisema urefu wake ni sentimita 434. Leza ikasema 517. Watu waliandika vitabu wakinakiliana, hakuna aliyepanda ngazi!

Leza ni ghali, najua. Kuna njia ya picha, fotogrametria. Nyoosheni kidole mbele ya uso. Fumbeni jicho la kushoto, sasa la kulia. Kidole kimeruka? Kilicho karibu kinaruka sana, kilicho mbali kinaruka kidogo. Hiyo ndiyo siri yote. Piga picha nyingi kukizunguka kitu, programu inatafuta alama zilezile katika kila picha, inaona zimeruka kiasi gani, inajua umbali. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walichukua picha 150,000 za watalii wa Roma kutoka intaneti, zilizopigwa na watu wasiojuana, wakajenga sehemu za mji kwa kompyuta ndani ya siku moja. Tangu hapo njia zimezidi. Mwaka 2020 ilikuja ya mtandao wa neva unaojifunza kila sehemu ya hewa ina rangi gani na uzito gani. Mwaka 2023 ikaja ya watafiti wa INRIA, Ufaransa, inayojenga mahali kwa mamilioni ya madoa laini ya rangi, na inakwenda haraka kiasi cha kutembea ndani yake. Ni nzuri mno kutazama. Mimi naonya tu: ni nzuri kutazama, si lazima ziwe nzuri kupimia. Fundi wa kukarabati Msikiti Mkuu wa Kilwa anahitaji kujua ukuta unaishia wapi hasa, na doa laini haliishii mahali.

Sasa mpingo. Mpingo uliopigwa msasa ukang'arishwa ndio adui wa njia hii kuliko vitu karibu vyote mnavyotengeneza. Kwa nini? Programu inatafuta alama zisizohama. Mpingo ni mweusi, alama hazionekani. Unang'aa, na ule mng'ao unahama kila unaposogea. Programu inaufuata mng'ao ikidhani ni alama, na kinyago kinatoka na mabonde ambayo mzee hakuyachonga. Dawa zipo. Usipige juani, piga kivulini, mwanga wa kila upande. Usitumie mwanga wa simu. Kinyago kikiwa hakijang'arishwa, piga wakati huo. Kikiwa tayari, wengine hupaka poda nyepesi kama mwenyewe ameridhia, kwa maana si kila mti na si kila mzee anakubali poda. Kila picha ifunike sehemu kubwa ya picha iliyotangulia, zaidi ya nusu. Na vile vinyago vya ujamaa, watu wamepandana, mikono imepita katikati ya mikono, muwe na subira: kamera lazima ichungulie ndani ya kila tundu. Ambapo haikuchungulia, mashine itaziba kwa kubuni, na mtu wa mbali atadhani ndivyo mzee alivyochonga.

Kwa nini nawahimiza? Mwaka 1984 kinyago cha Wamakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilionekana Geneva, kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller. Kilirudi mwaka 2010. Hesabuni wenyewe. Aliyeibiwa bila kumbukumbu anaanza kudai kutoka wapi?

Lakini, na wazee mnisikilize, sisemi kila kitu kinaswe. Sindimba ichezwe mbele ya kamera, hata wachezaji wavalishwe vitone vya kunasia mwendo, ni furaha ya wote. Mapiko, vinyago vya kuvaa kichwani, ni jambo jingine. Kuna ya uwanjani na kuna yasiyotoka jandoni, na mwenye kusema lipi ni lipi si kijana mwenye simu. Ataulizwa mwenyewe kwanza. Akikataa, basi. Tundu lililoachwa kwa makusudi si birika la Newell.

Ndugu Mwenyekiti ananionyesha saa. Baada ya chai tutatoka chini ya mwembe, kivuli kinatosha. Mzee ameridhia tuanze na kinyago chake kile kisichong'arishwa. Simu ziwe na chaji na nafasi. Wawili wawili: mmoja apige, mwingine ahesabu pande. Na kwa kuwa picha peke yake haijui kama kinyago kina urefu wa kidole au wa mnazi, kila kundi litaweka futi kamba pembeni ya kinyago, namba zikionekana, kabla ya picha ya kwanza. Futi kamba zipo tano tu, kwa hiyo mgawane.